Maswali na majibu: Kifua kikuu kinaposhambulia ala za kano za mkono

Barua za safari hii zinahusu uvimbe wa mkono ambao, baada ya miezi mingi ya kutibiwa kama baridi yabisi au kama mteguko, umekuja kushukiwa kuwa kifua kikuu. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamsaidia mwingine.

Daktari, mimi ni fundi seremala. Nina uvimbe kwenye kifundo cha mkono wa kulia kwa miezi minane sasa, na hauniumi sana. Nimeambiwa huenda ni kifua kikuu, ilhali sikohoi wala sijawahi kukohoa damu. Inawezekanaje? (Morogoro)

Inawezekana kabisa. Bakteria wa kifua kikuu huvutwa kwa hewa na kutua mapafuni, lakini kutoka hapo wanaweza kuchukuliwa na damu hadi sehemu nyingine ya mwili na kukaa kimya kwa miaka. Takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na walio wengi hawaugui kamwe. Kati ya wanaougua, karibu mmoja katika kila sita huugua nje ya mapafu, na sehemu ndogo ya hao ndio wanaopata ugonjwa wa mifupa na viungo, ambao nusu yake hivi huwa kwenye uti wa mgongo. Ala za kano hushambuliwa kwa nadra, na zinaposhambuliwa mara nyingi huwa ni za mkono, hasa upande wa kiganja.

Kano ndiyo inayounganisha msuli na mfupa, nayo hupita ndani ya ala yenye ute, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mpira wake. Penye kifundo cha mkono, kano tisa za kukunja vidole hupita pamoja na neva moja kubwa katika mfereji mwembamba uliofunikwa na utepe mgumu. Ala zikivimba, utepe huo haukubali kutanuka, hivyo uvimbe hujigawa: sehemu moja hujitokeza juu ya kifundo na nyingine kiganjani, na ukibonyeza mmoja unahisi mwingine ukituna. Dalili hiyo haithibitishi kifua kikuu, lakini daktari anayeikuta hapaswi kuipita bila kukifikiria. Mwanzoni maumivu ni kidogo, homa na jasho la usiku mara nyingi havipo, na ndiyo maana wagonjwa huchelewa kama ulivyochelewa wewe. Kazi ya useremala haikukuletea bakteria hao, kwa hiyo usijilaumu kwa randa na msumeno.

Mama yangu ana miaka 61. Aliambiwa ni baridi yabisi, akachomwa sindano mbili kwenye kifundo cha mkono. Uvimbe ulipungua, kisha ukarudi mkubwa zaidi, na sasa vidole vinamfa ganzi usiku. Je, sindano zimemdhuru? (Iringa)

Mpe mama shikamoo yangu. Sindano zinazochomwa kwenye viungo kwa ajili ya baridi yabisi kwa kawaida huwa na steroidi, dawa inayotuliza uvimbe kwa kupunguza nguvu ya kinga ya mwili mahali pale. Kama ndani ya ala kuna maambukizi, nafuu ya mwanzo hudanganya, kwa sababu bakteria huachwa wakizaliana kwa uhuru. Siwezi kusema kutoka mbali kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mama, lakini mpangilio unaoueleza, wa kupungua kisha kurudi kwa nguvu, unatosha kuzuia sindano ya tatu hadi sababu ijulikane.

Ganzi inahitaji haraka zaidi kuliko uvimbe wenyewe. Ikiwa inashika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, ni ile neva inayopita kwenye mfereji nilioutaja, nayo inabanwa. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya chini ya kidole gumba, na misuli hiyo ikishasinyaa si rahisi kurudi ilivyokuwa. Mpelekeni hospitali yenye daktari wa mifupa bila kungoja mwisho wa mwezi.

Eksirei ya mkono haikuonyesha kitu na makohozi yangu yamesomeka hasi. Je, nijihesabu nimepona hofu? (Mwanza)

Hapana, na hapa naomba niongee kwa urefu, maana ndipo makosa mengi hutokea. Eksirei huonyesha mifupa, wakati ugonjwa huu hukaa kwenye tishu laini, na mfupa huanza kuliwa baadaye kabisa. Makohozi hasi yanaeleza habari za mapafu tu. Hata eksirei ya kifua inaweza kuwa safi kwa mtu mwenye kifua kikuu cha kano, ingawa ni lazima ipigwe, kwa sababu ikionyesha ugonjwa wa mapafu mambo mengi hubadilika. Kipimo cha ngozi cha Mantoux kikiwa chanya huonyesha kwamba uliwahi kuambukizwa, jambo ambalo kwa mtu mzima wa kwetu halimsaidii sana daktari. Kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini nacho hupanda kwa magonjwa chungu nzima.

Ultrasaundi ni nafuu na inapatikana katika hospitali nyingi. Huonyesha ala iliyonenepa, maji yaliyojaa ndani, na wakati mwingine vipande vidogo vyeupe vinavyofanana na punje za mchele vikielea humo. Punje hizo huonekana pia kwa wagonjwa wa baridi yabisi, kwa hiyo hazitoshi kuthibitisha. MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huonyesha vizuri zaidi ugonjwa umefika wapi, na ina faida kama upasuaji unapangwa.

Kinachothibitisha ni kinyama kilichokatwa kwenye ala yenyewe, au angalau maji yaliyovutwa kwa sindano, ingawa maji peke yake mara nyingi hayana bakteria wa kutosha kuonekana. Mwombe daktari wako, kwa adabu lakini bila woga, kwamba kinyama kigawanywe. Sehemu moja iwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, iende kwa mtaalamu wa kusoma tishu kwa hadubini. Sehemu nyingine iwekwe kwenye chombo safi chenye maji ya dripu ya chumvi, iende maabara ya kifua kikuu kwa ajili ya GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, na kuoteshwa, yaani bakteria kukuzwa hadi waonekane. Fomalini huua bakteria, na kinyama kilichotumbukizwa chote humo hakiwezi tena kuoteshwa. Nimeona wagonjwa waliolazimika kurudi chumba cha upasuaji kwa sababu hiyo moja tu, na ni jambo linaloudhi kwa sababu chupa ya pili haina gharama yoyote ya maana.

GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na husema pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Kuotesha huchukua wiki, hadi sita kwenye chakula cha bakteria cha majimaji na hadi nane kwenye kile kigumu, lakini hunasa bakteria wachache ambao mashine inaweza kuwakosa. Vyote viwili vinaweza kusomeka hasi na ugonjwa ukawapo. Daktari akishauona mkono, akasoma picha na tishu zenye dalili za kifua kikuu, anaruhusiwa kuanza dawa bila kungoja maabara imkubalie. Pima pia virusi vya UKIMWI, maana matibabu yatapangwa kwa kuzingatia hali hiyo.

Mimi ni mfugaji, na nyumbani tunakunywa maziwa mabichi. Je, mkono wangu umeambukizwa na ng'ombe? (Manyara)

Huenda. Kuna bakteria ndugu wa yule wa kifua kikuu cha binadamu, anayekaa kwa ng'ombe na kupita kwenye maziwa yasiyochemshwa, au kwenye jeraha la mtu anayechinja na kuchuna. Mwambie daktari habari hiyo mapema, kwa sababu bakteria huyo kwa asili yake hasikii pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo. Wavuvi na wauza samaki nao wana bakteria wao wa majini anayeingia kupitia michubuko ya mkono na kuleta uvimbe unaofanana sana na huu, lakini hutibiwa kwa dawa tofauti. Hii ndiyo sababu nyingine ya kusisitiza kinyama kioteshwe. Brusela, ugonjwa mwingine wa mifugo unaompata binadamu, pia ipimwe. Na maziwa yachemshwe tangu leo.

Daktari mmoja anataka kunipasua, mwingine anasema dawa zinatosha. Nimsikilize nani? (Kisumu)

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kulingana na hatua ya ugonjwa. Dawa ni lazima kwa kila mgonjwa. Hakuna upasuaji unaofuta bakteria wote. Ugonjwa ukikamatwa mapema, ala ikiwa imejaa maji tu na vidole vinakunjika, dawa pamoja na kuupumzisha mkono kwenye banzi, yaani kibao cha kuutuliza, kwa muda mfupi zinaweza kumaliza kazi. Neva ikibanwa, ala ikijaa punje na tishu nene, kano ikitishia kukatika, au usaha ukitoboa ngozi, kisu kinahitajika ili kufungua ule mfereji na kuondoa ala iliyoharibika. Upasuaji wenyewe ndio pia unaotoa kinyama kizuri cha kupima, kwa hiyo mara nyingi hufanywa kwa malengo hayo mawili pamoja.

Dawa za mwanzo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi. Kwa mapafu muda wote ni miezi 6, mpango ambao majaribio yake muhimu yalifanyika hapa hapa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mifupa, viungo na kano, madaktari wengi huongeza hadi miezi 9 au 12, kwa kuwa ni vigumu kujua kutoka nje lini bakteria wa ndani wamekwisha. Fuata muda ulioandikwa kwenye kadi yako, hata mkono ukionekana mzima mwezi wa nne.

Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini, usiogope. Macho yakiwa ya manjano, ukitapika mfululizo, au ukianza kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi, nayo huzuiwa kwa vitamini B6. Wagonjwa wa mkono huichanganya na ganzi ya neva iliyobanwa, lakini ya dawa kwa kawaida huanzia nyayo zote mbili, wakati ya neva hukaa kwenye vidole vya mkono mmoja. Pirazinamidi nayo huweza kuumiza viungo, na mtu akadhani ugonjwa unasambaa.

Natumia ARV zenye dolutegravir. Je, zinagongana na dawa za kifua kikuu? (Dodoma)

Rifampisini huifanya dolutegravir iishe haraka mwilini, kwa hiyo kwa kawaida huongezwa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Usijiongezee mwenyewe, kliniki yako itakupa. Wanawake wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi wajue kwamba navyo hupunguzwa nguvu, watafute njia nyingine kwa muda huo.

Je, nitawaambukiza watoto nikila nao sahani moja? (Tanga)

Hapana. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa kutoka kwenye mapafu au koo, si kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Kama mapafu yako yamepimwa na ni salama, kula na wanao. Kidonda kinachotoa usaha kifunikwe.

Niko mwezi wa pili wa dawa na uvimbe umeongezeka badala ya kupungua. Je, niache? (Moshi)

Usiache. Kinga ya mwili inapopata nguvu inaweza kuwasha uvimbe upya kwa muda, hasa kwa walioanza ARV karibuni, na hali hiyo haimaanishi dawa zimeshindwa. Lakini inaweza pia kuwa usugu, dozi zilizorukwa, au bakteria wa aina nyingine, na mambo hayo hayatofautishwi kwa kuangalia mkono. Nenda kwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ukiwa na kadi yako na majibu yote ya maabara, uulize kama kinyama chako kilioteshwa na kama usugu ulipimwa. Kama havikufanyika, huu ndio wakati wa kuchukua kinyama kipya. Wakati huo huo endelea kukunja na kunyoosha vidole kila siku kadiri maumivu yanavyoruhusu, isipokuwa daktari wa upasuaji amekuzuia, kwa sababu kano zilizolala muda mrefu hugandana na ala zake, na vidole hubaki vigumu hata bakteria wakiisha.