Jibu: Kasha limefika limechanika, usukani unazunguka bila gurudumu

Umeuliza kuhusu baiskeli ya mtoto isiyo na pedali: kasha lake limefika limechanika, na usukani ukigeuzwa gurudumu la mbele haligeuki. Kasha kuchanika si neno. Angalia limetobokea wapi. Mara nyingi ni ncha ya ekseli iliyosafirishwa bila kofia ya plastiki, na ikitoboa hukwaruza rangi ya fremu. Mkwaruzo vumilia. Ukiona ufa kwenye sehemu zilizochomelewa, hasa shingoni (usukani unapoingia kwenye fremu), piga picha na uirudishe dukani. Usiichomelee mtaani, hata kama fundi ni wako.

Usukani kuzunguka peke yake ni bolti ya shingo haijakazwa. Kwanza hakikisha uma, yaani sehemu inayoshika gurudumu la mbele, haujageuzwa: ekseli ya mbele ikae mbele kidogo, si kuelekea kwa mtoto. Kosa hili ni la kawaida, kwa kuwa kiwandani uma hugeuzwa ili kasha liwe dogo. Kisha zamisha bomba la usukani hadi alama ya kikomo ifichike, bana gurudumu kwa magoti, nyoosha, kaza bolti kwa alenki (ufunguo wa pembe sita).

Tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza hata baada ya kukaza nati, beringi imelegea au ni bushi (bomba dogo) ya plastiki tu badala ya beringi, na bushi haina marekebisho.

Kimo cha siti: urefu wa mguu wa mtoto kwa ndani, toa sentimita 2 au 3.