Muswada wa mazishi wa Osborne Morgan ulikuwa wa nini?

Swali: Nimesoma kwamba George Osborne Morgan, wakili na mbunge wa Wales, alihangaika na muswada wa mazishi kuanzia 1870 hadi 1880. Ikiwa kila mkazi wa parokia tayari alikuwa na haki ya kuzikwa pale, sheria mpya ya nini?

Jibu: Haki ilikuwepo, ila ilikuwa nusu. Mkazi alistahili kaburi kwenye uwanja wa kanisa, lakini ardhi ile ilishikiliwa na kasisi wa Anglikana kwa wadhifa wake, na ibada iliyoruhusiwa ni ya kanisa lake tu. Wales ilijaa Wamethodisti, Wabaptisti na wenzao. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, na kitabu cha ibada cha Anglikana kilikataza kumsomea asiyebatizwa. Mtoto wao akifa, alifukiwa bila sala kaburini.

Morgan alianza uwakili 1853 katika mahakama ya Chancery, palipoamuliwa kesi za mali na amana, akaingia bungeni 1868 kwa jimbo la Denbighshire. Muswada wa mbunge binafsi hupewa siku chache za mjadala, na kikao kikifungwa kabla haujapita, unaanza upya. Ndivyo wake ulivyokwama. Mwaka 1880 Waliberali walishinda uchaguzi, serikali ya waziri mkuu Gladstone ikaubeba mzigo huo: Lord Selborne akauwasilisha katika Baraza la Malodi, Morgan akausimamia katika Baraza la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, nao ukapita kuwa sheria.

Kwa jicho la mwanasheria, uzuri wa sheria ile ni kile ilichokiacha. Umiliki wa ardhi haukuguswa; hata ada za kasisi zilibaki. Familia ilitakiwa kumpa taarifa saa 48 kabla, kisha ikazika na mchungaji wake au bila ibada yoyote, mradi ibada iwe ya Kikristo na yenye utulivu. Mpinzani angedai kanisa linanyang'anywa nini?

Wapo makasisi waliotafuta upenyo wa kuikwepa sheria hiyo. Huko Llanfrothen, kijiji cha Wales, 1888, kasisi alidai kipande cha makaburi kilitolewa kwa sharti la ibada ya Anglikana. Ndugu wa mchimba mawe Robert Roberts walivunja kufuli la geti, wakamzika. Wakashtakiwa. Wakili wao kijana, David Lloyd George, aliwashindia rufaa London mwezi Desemba mwaka huohuo, na 1890 akachaguliwa mbunge.