Jibu: Kwa nini chui milia wanazaa vizuri lakini hawaongezeki?

Habari mkuu. Umeuliza: kama jike wa chui milia hubeba mimba miezi mitatu na nusu tu, na huzaa watoto wawili hadi wanne, inakuwaje bado wako hatarini kutoweka? Wanafunzi wangu wa baiolojia hunibana na swali hilohilo.

Achana na mimba kwanza, angalia malezi. Watoto huzaliwa vipofu, kisha humfuata mama hadi karibu miaka 2 wakijifunza kuwinda. Muda wote huo mama hazai tena, labda wafe. Na wanakufa kweli, karibu nusu hawafiki umri huo. Dume mgeni akiteka eneo huwaua watoto wa mwenzake ili jike apandike upesi. Kwa hiyo ukidhani jike huzaa wanne kila mwaka, hesabu hiyo haipo.

Sasa weka jangili hapo. Akiua jike anayenyonyesha, ameua na watoto. Soma habari za Sariska, kule Rajasthan, India: kufikia 2005 hapakuwa na chui milia hata mmoja, na ni hifadhi rasmi yenye askari! Mwaka 2008 wakaanza kuleta wengine kutoka Ranthambore, hifadhi nyingine ya hukohuko Rajasthan, kwa helikopta. Watoto wa kwanza walionekana 2012. Miaka minne, ndugu yangu.

Wakilindwa huongezeka, lakini taratibu: India ilikadiriwa kuwa nao 1,411 mwaka 2006, na 3,682 mwaka 2022.