Mzee anajua kukata ila panga hapati

SWALI: Habari dokta, niko Arua, Uganda. Baba alipigwa na kiharusi mwaka jana, mguu umepata nguvu ila maneno ndo shida. Ukimwonyesha panga anasema "ile ya... ya kukata" alafu anakasirika. Majirani wanasema akili imerudi utoto. Kwani kukata anajuaje na panga hajui?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, mpe mzee pole pia. Hao majirani waache, mtu akisema "ya kukata" ujue panga analifahamu vizuri tu, kilichokatika ni njia ya kufika kwa jina lake. Ubongo hauweki maneno yote kwa gunia moja bwana. Kwa watu wengi kazi ya lugha iko upande wa kushoto, sasa majina ya vitu yanategemea sana sehemu ya pembeni hapo karibu na sikio, na maneno ya vitendo kama kukata na kulima yanategemea zaidi sehemu ya mbele, jirani na zile zinazoendesha mikono na mdomo. Watafiti wa ubongo Damasio na Tranel waliandika mwaka 1993 kuhusu wagonjwa wa hivo, wengine majina ya vitu yamewapotea na vitendo vimebaki, mwingine kinyume chake kabisa. Mpaka wenyewe sio mkali kama wa shamba lakini, sehemu hizo zinasaidiana.

Alafu kutaja kitu ni safari, jicho linaona, ubongo unatambua hii ni nini, unatafuta jina, unapanga sauti za jina, ndo mdomo unafunguka, na yote hayo kwa mtu mzima hata sekunde moja haiishi. Hata sisi wazima tunakwama hapo kwa jina, si ndo maana tuna "nanii"? Nipe ile nanii, nimemnanii, mimi naitumia kila siku.

Kwa hiyo usimpe mzee neno zima haraka, mwanzishie sauti ya kwanza, "pa...", mara nyingi inalivuta lililobaki. Au mwambie akuonyeshe kwa mkono anavyokata. Na uliza hospitali ya rufaa kama wana mtaalamu wa tiba ya usemi, mwaka mmoja sio kuchelewa. Jina likija kwa Kilugbara, lugha ya huko Arua, usimrudishe kwa Kiswahili, mpe hilo panga akate.