Kishungi, kope na mlio: namna ya kumtambua kipunji

SWALI: Nilipopanda Mlima Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, niliona juu ya miti mirefu kundi la wanyama wenye nywele zilizosimama kichwani. Mwenzangu alisema ni kima, mwongoza wageni akasisitiza kuwa ni kipunji, yule tumbili adimu. Nitathibitishaje? Tena nasikia kipunji ni ndugu wa nyani. Inakuwaje, ilhali makazi yake ni mitini?

JIBU: Kwa kishungi hicho, namwamini mwongoza wageni wako. Kima wa Rungwe hana nywele ndefu zinazosimama wima utosini, wala mbega, ambaye weusi wake wenye mabaka meupe mabegani haukosewi. Kipunji ana manyoya marefu ya kahawia yenye kijivu, tumbo na ncha ya mkia vyeupevyeupe, na uso mweusi uliozungukwa na sharafa ndefu. Ukiwa na darubini, mtazame anapopepesa macho: ngozi ya kope zake ni nyeusi kama uso, wakati mangabe (tumbili wengine wa misitu ya Afrika) wengi wana ngozi ya kope nyeupe.

Ukungu ukifunga, kama ilivyo kawaida huko, tegemea masikio. Dume hutoa mlio mzito wa mkatomkato, ulio kati ya honi na mbweko, na ukishausikia mara moja hutauchanganya na mlio wa kima.

Makazi yake yanayojulikana ni mawili tu, na yametengana kwa mamia ya kilomita: misitu ya Rungwe na Livingstone, ikiwemo sehemu ya Hifadhi ya Kitulo, na msitu wa Ndundulu katika Milima ya Udzungwa. Sensa iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117, na kati yao 75 tu walikuwa Ndundulu. Huishi katika makundi ya wastani wa thelathini hivi, madume na majike pamoja, wakila matunda, majani machanga, maua, magome, kuvu na wadudu. Hushuka chini kwa nadra, isipokuwa mahindi yanapokomaa pembezoni mwa msitu, na hapo ndipo hugombana na wakulima.

Kuhusu undugu na nyani, jibu lilitoka katika shamba la namna hiyo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua mnyama huyu kwa jina hilo hilo kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005. Wanasayansi hao walimweka kwanza katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya mangabe kwa kutegemea picha. Baadaye mwaka huo kipunji mchanga alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, na vinasaba vyake vilipopimwa vikaonyesha kuwa yu karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ukaribu huo haumlazimu kuishi ardhini, kwa sababu mwenendo hubadilika upesi kuliko nasaba. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha pia kuwa baadhi ya vinasaba vya kipunji wa Rungwe vinavyorithiwa kwa mama vinafanana mno na vya nyani wa jirani, ilhali vya wenzao wa Ndundulu sivyo, jambo ambalo watafiti hulieleza kwamba zamani kipunji na nyani waliwahi kuzaana.