Maswali ya Wasomaji: Mfuatano wa Mistari katika Herufi za Kichina

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma, nina duka la vipuri vya pikipiki, na tangu mwaka jana ninasoma Kichina jioni ili niweze kuelewana na wauzaji wa Guangzhou. Mwalimu wetu hunikata alama ninapoanza herufi kwa mstari asioutaka, hata kama herufi imetokea sawasawa na ya kitabuni. Aidha, programu iliyomo katika simu yangu huandika herufi ya shamba, 田, kwa mfuatano usio wa mwalimu. Je, mfuatano huu una kazi yoyote, na nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, mfuatano huo una kazi, na mwalimu wako ana haki ya kuudai, ingawa ningependa akueleze sababu kabla ya kukukata alama. Ni kweli kwamba herufi iliyokwisha kuandikwa kwa utulivu haionyeshi ilianzia wapi. Lakini Mchina aandikapo kwa haraka hainui kalamu kila mwisho wa mstari. Wino hukokoteka kutoka mstari mmoja hadi unaoufuata, na msomaji huitambua herufi kwa mikokoto hiyo. Siku utakapoletewa risiti iliyoandikwa kwa mkono, utaisoma kwa wepesi zaidi ikiwa mkono wako umezoea kupita njia ileile, na vivyo hivyo mwenzako wa Guangzhou atakaposoma oda yako. Hata katika simu, ipo njia ya kuandika kwa vibonye vitano vya aina za mistari, ambayo hukuletea herufi iwapo tu umeibonyeza mistari kwa utaratibu wake.

Kanuni kuu ni chache. Juu hutangulia chini, kushoto hutangulia kulia, na mstari wa kulala hutangulia wa kusimama unaoukata, kama katika 十, yaani kumi. Katika 小, yaani dogo, wa katikati ndio wa kwanza, kisha wa kushoto na wa kulia.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye herufi zilizozungushiwa ua. Itazame 国, yaani nchi, yenye mistari minane, kisha ukumbuke zizi la Wagogo wakati wa jioni: ua upo tayari, ng'ombe wanaingizwa, na lango huzibwa kwa miiba mwisho kabisa. Mstari wa kwanza ni ubavu wa kushoto. Wa pili huanzia juu na kukunja kushuka kulia bila kalamu kunyanyuliwa. Mitano inayofuata ni ya ndani. Na wa nane ndio unaofunga chini. Ukifunga kwanza, umeliziba zizi ng'ombe wakiwa nje.

Kuhusu 田, ikiwa programu yako, baada ya ua, huanza na mstari wa kusimama, basi inakufundisha mfuatano wa Kijapani, ambao si kosa huko Japani. China hutanguliza wa kulala, kisha wa kusimama, kisha hufunga. Kanuni rasmi ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021 imepanga mfuatano wa herufi 8,105, na kwa kuwa biashara yako iko Guangzhou, shika huo peke yake. Kuchanganya yote miwili kutakuchelewesha.

Kwa mazoezi, nunua daftari la hesabu lenye miraba, na kila herufi uipe miraba minne, miwili juu na miwili chini. Wachina nao hufundishia watoto kisanduku cha namna hiyo, na wamekiita kwa jina la 田 kwa sababu ya umbo lake. Hesabu mistari kwa sauti unapoandika. Herufi ya mdomo, 口, usiizungushe kama tunavyozungusha herufi O, kwani ina mistari mitatu kamili. Na ukikosea mfuatano, usirekebishe mstari mmoja. Iache herufi hiyo, hamia miraba minne inayofuata, na uanze upya tangu mstari wa kwanza.