Dakika 40 za Mwalimu

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mwalimu mkuu afanye nini ili awe nguzo ya kweli kwa walimu wake? Wengi watataja upole, chai ya saa nne na sherehe ya kufunga mwaka. Sipingi. Ila mwalimu wa shule ya umma hapa Nairobi amepungukiwa zaidi na wakati, na ufunguo wa wakati huo uko mkononi mwa mwalimu mkuu.

Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Gwaride la Jumatatu likizidi kwa dakika 15, zaidi ya thuluthi ya kipindi cha kwanza imeliwa kabla mwalimu hajashika chaki. Halafu karani anabisha akiwaita wenye madeni ya karo, kiranja anakuja na orodha ya safari, na mwalimu mwenyewe anaitwa ofisini kutia sahihi. Kila mmoja anaona ameomba dakika mbili tu. Mwalimu wa Hisabati mwenye vipindi 6 kwa wiki katika darasa moja akipoteza dakika 7 katika kila kimoja, zimekwenda dakika 42, yaani kipindi kizima na zaidi. Kwa muhula wa wiki 13 ni vipindi 13 ambavyo azimio la kazi lilivihesabu. Silabasi isipokwisha analaumiwa yeye, naye anafidia alfajiri au Jumamosi.

Dawa yake ni amri moja: hakuna kubisha mlango wa darasa vipindi vikiendelea, isipokuwa dharura. Matangazo yasubiri mapumziko, na habari za karo apelekewe mzazi kwa simu. Amri hiyo huvunjika haraka sana pale mwalimu mkuu anapokuwa wa kwanza kuikiuka.

Ratiba nayo ina siri zake. Chukua mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo 3 ya wanafunzi 55. Insha moja ikisahihishwa kwa dakika 6, mkondo mmoja unamla saa 5 na nusu, na yote mitatu saa 16 na nusu. Ukimtaka asahihishe insha za mikondo yote kila wiki, utapata alama za vema pembezoni na daftari ambalo halijasomwa. Mikondo ipokezane, mmoja kila wiki. Vipindi vyake visivyo na somo vipangwe viwiliviwili, kwa kuwa dakika 40 za peke yake huishia kutafuta kiti na kalamu nyekundu. Na wiki ya kusahihisha mitihani asipangiwe zamu.

Jambo ninalolipa uzito zaidi ni kuingia darasani kutazama somo. TPAD, mfumo wa Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) wa kutathmini walimu, unalidai, lakini shule nyingi hulifanya kwa fomu: wiki ya mwisho ya muhula kila mtu anajaza na kutia sahihi, na hakuna aliyejifunza kitu. Mwalimu mkuu wa walimu 40 akitazama vipindi 3 kwa wiki, kwa wiki 13 amefikia 39, karibu kila mwalimu mara moja. Naibu na wakuu wa idara wakisaidia, mara mbili inawezekana.

Siku mbili kabla, mwalimu mkuu na mwalimu wakubaliane kitu kimoja cha kuangaliwa, kwa mfano namna maswali yanavyoulizwa. Mkuu akae nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, aandike alichokiona badala ya anachokidhani: maswali 14 yameulizwa, yote yamejibiwa na wanafunzi 5 wa safu ya mbele, baada ya swali mwalimu alingoja kitambo kidogo tu kisha akajibu mwenyewe. Siku hiyohiyo waketi robo saa, faraghani, wachague badiliko moja. Baada ya wiki 2 arudi kuangalia hilo tu. Akitoa makosa tisa kwa mkupuo, mwalimu atajitetea kwa yote tisa. Na asiporudi, mwalimu ataelewa kuwa alikuja kukagua.

Kwenye shule za msingi zenye sekondari msingi, iliyoanza na Gredi ya 7 mwaka 2023, kuna mzigo wa pekee. Mwalimu aliyesomea masomo mawili hujikuta akifundisha manne au matano. Hapo mwalimu mkuu akae na walimu wabadilishane masomo kwa kadiri ya ujuzi, na aombe shule jirani ya sekondari ifungue maabara yake alasiri moja kwa wiki.

Mzazi akija na hasira, asikilizwe ofisini peke yake kwanza. Mwalimu naye aulizwe faraghani, kisha wakutane watatu, daftari la alama likiwa mezani. Kumkaripia mwalimu mbele ya mzazi, au gwarideni, kunamnyang'anya darasa lake lote. Lakini kumlinda si kumfichia. Akimchapa mtoto, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza, na hatua zifuatwe.

Mikutano ya jioni ifupishwe. Anayeachiliwa saa kumi na mbili na nusu akikaa Kayole au Githurai hafiki nyumbani na nguvu ya kuandaa somo la kesho.

Wapo pia walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya usimamizi na kulipwa na shule yenyewe, na pesa za serikali zikichelewa hao ndio huumia kwanza. Mwalimu mkuu awaite tarehe 25, asingoje mwezi ugeuke, awaambie kilichopo ni kiasi gani, watalipwa sehemu ipi sasa na salio lini, na ahadi hiyo waipate kwa maandishi.

Msomaji, Nairobi